Pacha wasio ndugu: hadithi ya kiambishi in-

Pale Tunduma, kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, kuna somo la lugha ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Tangi la petroli lenye namba za Tanzania limeandikwa FLAMMABLE mgongoni. Nyuma yake limesimama tangi la Kongo linalorudi kwao Lubumbashi, nalo limeandikwa INFLAMMABLE. Sasa mkumbuke mwalimu wako wa Kiingereza: correct, incorrect, complete, incomplete, in- hukanusha. Kwa hesabu hiyo tangi la kwanza linawaka, la pili haliwaki. Atakayeiamini hesabu hiyo mpaka awashe sigara kando ya tangi la pili hatapata muda wa kusahihisha daftari lake.

Yote mawili yanawaka. Neno la kwanza ni la Kiingereza cha leo, la pili ni la Kifaransa, na Kiingereza cha jana nacho kilikuwa nalo. Maana ni ile ile: kinachoshika moto upesi. Hesabu yetu imeharibika kwa sababu tumedhani in- ni kiambishi kimoja, kumbe ni viwili. Vilizaliwa mbalimbali, kila kimoja kikashika njia yake kwa maelfu ya miaka, halafu vikakutana ndani ya Kilatini vikiwa vimevaa sare. Kimoja kinasema "ndani" au "kuingia". Kingine kinasema "si".

Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa sana. Litazame neno "hakukuona". Ku ya kwanza ni ya wakati uliopita uliokanushwa. Ku ya pili ni wewe ambaye hukuonwa. Ondoa ha- ibaki "kukuona", na ku ya kwanza imeshageuka kazi: sasa ni ile ya kusoma na kulima. Mtoto wa miaka minne hutumia ku zote hizo bila kuuliza ipi ni ipi. Mgeni anayejifunza lugha ndiye anayekuna kichwa. Wazungu na in- yao wako hivyo hivyo, isipokuwa wao wenyewe wakati mwingine wamejikuna vichwa.

In- ya "ndani" haina mambo mengi. Lugha mame ya familia ya Kihindi-Ulaya, ile iliyozaa Kigiriki, Kilatini, Kijerumani, Kirusi, Kiajemi na Kihindi, ilikuwa na neno en, "ndani". Wagiriki waliliacha kama lilivyo. Kilatini cha kale kilianza na en kikaishia in. Waingereza na Wajerumani wanasema in mpaka kesho.

In- ya "si" ndiyo yenye safari. Lugha mame ilikanusha kwa ne. Lilipobandikwa mbele ya neno la sifa, ne lilibanwa mpaka irabu yake ikatoka, ikabaki n tupu inayosimama peke yake kama silabi kamili. Ukitaka kuisikia hiyo n, tamka "nchi" au "nne". Sisi tunaijua sauti hiyo vizuri kwa sababu tulifanya mchezo huo huo: watu wa Rwanda wanasema umuntu, sisi tukaila irabu ya mu- tukabaki na m-tu. Tofauti ni kwamba sisi tuliridhika na m yetu. Wao n iliwachosha, kila lugha ikaitafutia irabu ya kuegemea, na kila moja ikaokota yake. Wagiriki walifanya a-, au an- mbele ya irabu. Kisanskriti, lugha ya kale ya India, vivyo hivyo. Wajerumani na Waingereza walisema un-, Waholanzi on-, Wadeni u-, na Waswidi wakaidondosha n kabisa wakabaki na o- tupu. Warumi walipita kwenye en- wakafika in-.

Hapo ndipo ajali ilipotokea. En ya "ndani" na en ya "si", ambazo hazikuwa na undugu wowote, zote zilisukumwa na badiliko moja la sauti zikawa in.

Mahali pazuri pa kuwaona ndugu wa kweli wa ile in- ya "si" wamekaa pamoja ni kwenye Biblia, Matendo ya Mitume 17:23. Paulo yuko Athene, ameona madhabahu imeandikwa, kwa Kiswahili chetu, "KWA MUNGU ASIYEJULIKANA". Kigiriki cha Paulo kinasema agnosto theo. Tafsiri ya Kilatini inasema ignoto deo. Ya Kiingereza inasema unknown. A-gno, i-gno, un-know: kiambishi kile kile na mzizi ule ule wa "kujua", katika nguo tatu. Hata k ya know, ambayo Waingereza wanaiandika bila kuitamka, ni masalia ya ile g. Ukienda India utamkuta ndugu wa nne, ajnata, naye ni "asiyejulikana". Kiingereza cha zamani kilikuwa na mwingine tena, uncuth, aliyemaanisha "asiyefahamika, mgeni", na huyu maisha yalimgeukia. Mgeni akawa mtu wa ajabu, mtu wa ajabu akawa mtu asiye na adabu, na leo uncouth ni tusi. Sisi wenye "mshamba" na "wa kuja" hatuwezi kuwacheka.

Turudi Roma. Kama haikutosha kwamba viambishi viwili vimefanana, vyote viwili pia vilikuwa na tabia ya kubadilika kufuata konsonanti iliyo mbele. In- mbele ya p ikawa im-, mbele ya l ikawa il-, mbele ya r ikawa ir-. Ndiyo maana tuna impossible, illegal, irregular. Wanafunzi huambiwa wakariri, wakati Kiswahili chao chenyewe kinafanya hivyo kila siku: nyumba ni n- kwa -refu lakini tunasema ndefu, n- kwa -baya tunasema mbaya, ulimi mmoja lakini ndimi mbili. Ulimi ni mvivu duniani kote. Basi immobile, "kisichosogea", imeanza sawasawa na immigrant, "aliyehamia ndani", na hakuna kitu katika sura zao kitakachokuambia yupi ni mtoto wa nani.

Warumi wenyewe walijikwaa. Neno infectus lilikuwa na maana mbili zisizokaribiana: "ambalo halijafanyika", kwa in- ya "si", na "lililotiwa rangi, lililochafuliwa", kwa in- ya "ndani", kama nguo iliyochovywa kwenye pipa la rangi. Hii ya pili ndiyo iliyozaa infection ya madaktari. Immutatus ilikuwa "kilichobadilishwa" na pia "kisichobadilika", na hapo sijui mawakili wa Roma waliandikaje mikataba.

Aliyeifaidi hali hiyo ni Plautus, mtunzi wa michezo ya kuchekesha aliyefariki mwaka 184 KK. Katika mchezo wake uitwao Captivi anamleta jukwaani mdoezi mmoja, Ergasilus, mtu wa kuvizia sahani za wenzake. Anawaambia watazamaji kwamba vijana wa mjini wamempa jina la utani la kahaba, kwa kuwa kwenye karamu yeye kila mara ni invocatus. Utani uko hapo. Kahaba ni invocatus kwa sababu mpenzi wake hulitaja jina lake anaporusha dadu, akiomba bahati: ameitwa. Mdoezi ni invocatus kwa sababu hakuna aliyemwalika: hajaitwa. Neno moja, watu wawili, meza moja. Utani wa namna hii hufia mikononi mwa mfasiri, ila ukishajua kuna in- mbili unaweza kucheka na Warumi, umechelewa miaka elfu mbili na ushee.

Mkanganyiko huo ukarithiwa. Kamtafute Mkongo au Mrundi aliyesoma kwa Kifaransa na Mkenya aliyesoma kwa Kiingereza, uwape neno inhabitable wakueleze ni nyumba ya namna gani. Wa Kifaransa atasema nyumba haikaliki. Wa Kiingereza atasema inakalika. Wote wako sahihi, na herufi ni zile zile. Wafaransa waliweka in- ya "si" mbele ya habitable. Waingereza wana kitenzi inhabit, "kukaa ndani ya", wakakiongezea -able. Zamani Waingereza nao walikuwa na ile maana ya Kifaransa. Shakespeare, katika Richard II, anaitumia inhabitable kwa nchi isiyokalika. Baadaye ile ya "kinachokalika" ikashinda, na kwa kuwa bado walihitaji namna ya kusema "hakikaliki", wakabandika un- mbele: uninhabitable. Hilo neno ni la kutunzwa makumbusho. Lina un- ya "si" ya Kiingereza chenyewe na in- ya "ndani" ya Kilatini zimefuatana kama ku mbili za "hakukuona".

Inflammable ni kisa cha aina hiyo. Kilatini inflammare ni kuingiza kwenye miali, kuwasha. Hakuna "si" ndani yake. Lakini Waingereza walishazoea in- inayokanusha, na kwenye pipa la petroli kosa la sarufi linaua. Flammable lilitokea mwanzoni mwa karne ya 19 na halikuwa na umaarufu, mpaka miaka ya 1920 chama cha taifa cha kuzuia moto nchini Marekani kilipoanza kulipigia debe ili inflammable iondolewe kwenye mabango. Uingereza nayo ikafuata baadaye. Kwa maneno mengine, walikata kiambishi kilichokuwa sahihi kabisa kwa sababu watu wangeweza kukisoma vibaya. Mimi nawaunga mkono. Wafaransa hawakuona haja: kwao kinachowaka ni inflammable na kisichowaka ni ininflammable, in- mbili kwa mpigo, ya kwanza ikikanusha na ya pili ikiingiza.

Katika miaka hiyo hiyo kulikuwa na Benjamin Lee Whorf, mwanaisimu ambaye mshahara wake ulitoka kampuni ya bima ya moto pale Hartford, Marekani. Kazi ilimfundisha kwamba watu huwa waangalifu sana kando ya mapipa yaliyojaa petroli, halafu wanavuta sigara kando ya mapipa yaliyoandikwa "matupu", ambayo yamejaa mvuke na ndiyo hatari zaidi. Neno "tupu" liliwalaza. Hilo halihusu in-, lakini yeyote anayedhani mambo haya ni ya maprofesa peke yao na akae karibu na pipa tupu.

Wajerumani wana un- yenye hasira. Kraut ni majani au mmea, lakini Unkraut si "kisicho mmea", ni magugu. Wetter ni hali ya hewa, Unwetter ni dhoruba. Mensch ni mtu, Unmensch ni katili. Kukanusha hapa kumeteleza kutoka "si" kwenda "mbaya". Waswidi wanafanya hivyo kwa o- yao: gräs ni majani, ogräs ni magugu, na Waholanzi wana onkruid. Mswahili anaelewa bila mkalimani, maana mtu akikuambia "yule jirani si mtu" hakusudii kwamba jirani ni mbuzi. Halafu ikateleza tena, kutoka "mbaya" kwenda "nyingi kupita kiasi": Menge ni kiasi, Unmenge ni lukuki. Na sisi tukikanusha uchache tunapata wingi, ndiyo "si haba". Kinachonifurahisha zaidi ni Unkosten. Kosten ni gharama. Unkosten ni nini? Ni gharama. Pengine zile zinazouma.

Un- ya Kiingereza nayo, usiiamini haraka, ni mbili. Un- ya unknown ni ya ukoo tunaoufuata. Un- ya untie au undo ni ya ukoo mwingine kabisa, ndugu ya anti ya Kigiriki na ya Ant- katika neno la Kijerumani Antwort, "jibu", yaani neno linalokabili neno. Hii haikanushi, inatengua. Kiswahili kimezitenga kazi hizo mbali sana: kukanusha tunakufanya mwanzoni mwa kitenzi, kutengua tunakufanya mwishoni. Funga, fungua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Tega, tegua. Kwa hiyo Mwingereza akisema mlango ni unlockable, unapaswa kumuuliza: haufungiki au unafunguka? Hapa lugha yetu imewashinda, na silisemi kwa upendeleo.

Kwa nini Waingereza waseme unable lakini inability, unjust lakini injustice, unequal lakini inequality? Un- ni mali ya nyumbani kwao, in- ililetwa na Kifaransa cha Wanormani, walioiteka Uingereza mwaka 1066, na ile ya kigeni ilipenda kukaa kwenye maneno marefu ya mahakamani na kanisani. Sheria kamili haipo. Mwanafunzi akikosea, asipigwe.

Warusi na Wapoland hawakuibana ne mpaka ikawa n. Wanakanusha kwa ne yenye irabu yake. Wapoland wanaiita Jumapili niedziela, kutokana na "kutofanya kazi", siku ya kupumzika. Kwa Warusi neno hilo hilo, nedelya, limetanuka likawa wiki nzima, ikabidi Jumapili wapewe jina jingine, "ufufuo".

Kuna maneno ambamo kiambishi kimejificha hata wenyewe hawakioni. Enemy ya Kiingereza na ennemi ya Kifaransa zote ni Kilatini inimicus: in- na amicus, "si rafiki". Infant ni "asiyesema", mtoto ambaye bado hajaanza kuongea. Huko Italia infante akakua akawa kijana, kijana akawa askari wa miguu, na ndiyo asili ya infantry. Integer, namba nzima, ni "ambayo haijaguswa", haijamegwa. Immune alikuwa raia wa Roma asiyedaiwa kodi wala kazi za umma, ndipo madaktari wakaliazima kwa mtu ambaye ugonjwa haumdai kitu. Kiswahili, bila kuwasiliana na Roma, kimeishia hapo hapo: balozi ana kinga, na mtoto aliyechanjwa ana kinga.

Na sisi tunavyo viambishi hivi vinywani. Injini imetufikia kutoka engine, iliyotoka kwenye ingenium, "kipaji cha kuzaliwa nacho", kitu kilichowekwa ndani ya mtu. Indiketa na inspekta zina in- hiyo hiyo. Influenza pia, kitu "kilichotiririka kuingia", maana Waitaliano walidhani kinatoka kwenye nyota. Insulini imo nje ya hesabu, yenyewe ni ya insula, "kisiwa", kwa ajili ya vile visiwa vidogo vya chembe ndani ya kongosho. Upande wa "si" tumepata zaidi za Kigiriki. Anemia ni "bila damu". Asbesto, ile ya mabati ya zamani, ni "isiyozimika", jina la kushangaza kwa kitu kinachosifiwa kwa kutoungua. Atomu ni "isiyokatika", na jina hilo limebaki ingawa wanafizikia Cockcroft na Walton walikipasua kiini chake pale Cambridge mwaka 1932.

Lakini ninayoipenda kuliko zote ni almasi, ile ya Mwadui, Shinyanga. Wagiriki waliita adamas jiwe au chuma kigumu kupita vyote, na walilielewa jina hilo kuwa "kisichoshindika": a- ya "si", na "kushinda, kufuga". Lilipopita mashariki d ikageuka l, Waarabu wakasema almas, nasi tukalipata kutoka kwao. Baadhi ya Waarabu walipoona al- mwanzoni walidhani ni al- yao ya kawaida, wakaikata, wanasema mas. Huko magharibi nako, Kilatini cha baadaye kililivuruga neno mpaka ile a- ikadondoka njiani, na Waingereza wakapokea diamond, yaani ukilisoma Kigiriki kwa ukali, kitu ambacho kinashindika. Almasi yetu bado ina a- yake.